Relei Inalia, Kioo Kinazimika

Relei inalia "ta!", taa nne zinawaka ndani ya sanduku la mbao, na papo hapo kioo kidogo cha namba kinazimika. Sekunde haijaisha kinarudi, namba zinaanza upya, relei inalia tena, kioo kinazimika tena. Hali ni hiyo usiku kucha. Asubuhi mwenye mashine anashuka mjini, ananunua bodi nyingine ya ESP32 na kuifunga palipokuwa ile ya kwanza. Kioo kinazimika vile vile.

Eldoret ni mahali ambapo mashine ya aina hii ina kazi. Mji uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku haina mzaha, na yai la kuku linataka nyuzi joto 37.5 kwa siku 21 bila kuyumba. Awe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi kule Kesses, wa Eldoret National Polytechnic, au mfugaji wa Langas aliyejifunzia mezani kwake, anayependa kuchezea saketi hapa ana sababu nzuri ya kuanzia na sanduku la kutotolea vifaranga. Kazi yenyewe huonekana ndogo: sensa ya joto, bodi ya kufanya maamuzi, relei ya kuwasha na kuzima, taa za kuleta joto, na chaja ya simu ya kulisha bodi. Lakini humo ndani mna karibu kila kosa ambalo fundi wa nyumbani atakutana nalo katika kazi nyingine zote, kwa hiyo ni sanduku zuri la kujifunzia kusaka ubovu.

Bodi ya kwanza haikuwa mbovu. Wala ya pili. Kabla ya kunyoosha mkono kutafuta kipuri, mwenye mashine alipaswa kujiuliza kioo kinazimika wakati gani hasa, kwa sababu wakati ndio unaotaja mhalifu. Kikizimika relei inaposhika, tuhuma iende kwenye zile volti 5 zinazoilisha bodi. Kikizimika relei inapoachia, tuhuma iende kwenye koili yake: koili iliyokatiwa mkondo ghafla husukuma volteji kubwa upande wa pili, na volteji hiyo ikikosa pa kupita huvamia bodi. Dawa yake ni daiodi moja, 1N4007 inatosha, iliyofungwa sambamba na koili, ule mstari mweupe ukielekea upande wa chanya. Moduli nyingi za relei huja na daiodi hiyo tayari. Relei iliyonunuliwa peke yake haina.

Kuna mhalifu wa tatu, naye hukamatwa kwa jaribio rahisi. Plagi ya taa itolewe ukutani, kisha bodi iachwe iendeshe relei tupu. Ikiwa kioo bado kinazimika, ubovu uko upande wa volti 5. Ikiwa kinazimika taa zinapokuwepo tu, basi ni cheche za kwenye ncha za relei zinazorusha kelele za umeme hadi kwenye waya za sensa. Hapo kazi ni kutenganisha waya za stima na waya za sensa, zisilale pamoja kama kamba zilizosukwa, na kufunga kapasita ya nanofaradi 100 ya daraja X2 ikiwa mfululizo na rezista ya omu 100, viwili hivyo vikikingama kwenye ncha za relei. Dakika 5 za jaribio hilo zimeondoa nusu ya saketi kwenye orodha ya washukiwa, na hakuna shilingi iliyotumika.

Katika kisa hiki kioo kilizimika relei iliposhika, hata bila taa. Hesabu inaeleza kwa nini. ESP32 inaporusha mawimbi ya Wi-Fi hudai mkondo unaoweza kukaribia miliampia 500 kwa muda mfupi mno. Koili ya relei ndogo ya volti 5 ina ukinzani wa omu 70 hivi, kwa hiyo yenyewe huvuta miliampia 70. Jumla inakaribia nusu ampia na ushee. Waya mwembamba wa USB, ule mrefu wa bei ya chini, ukiwa na ukinzani wa omu 0.8 kwenda na kurudi, hupoteza volti 0.45 njiani. Chaja inatoa volti 5, bodi inapokea 4.55. Juu ya bodi kuna kidhibiti cha kushusha hadi volti 3.3, na aina inayotumika sana hapo, AMS1117, inataka iachiwe zaidi ya volti 1 ili ifanye kazi. Mtetemo mdogo tu na bodi inajizima ili kujilinda. Waya mfupi na mnene pamoja na kapasita ya mikrofaradi 1,000 karibu na bodi ndiyo dawa, na dawa hiyo ni rahisi kuliko bodi yoyote.

Mita isingeonyesha tatizo hili waziwazi, na ni vizuri wenye mita walijue. Multimita ya njano ya DT830, ile iliyo kwenye kila meza ya fundi, huonyesha wastani wa usomaji mara mbili au tatu kwa sekunde. Mporomoko wa volteji wa milisekunde chache hupita bila kuonekana. Ndiyo maana ile kapasita kubwa ni kifaa cha uchunguzi pia: ukiiweka na ugonjwa ukapona, umejua ugonjwa ulikuwa nini.

Mita hiyo hiyo ina mambo mengine mawili ya kuheshimiwa. La kwanza ni tundu la ampia 10, ambalo kwenye mita nyingi za aina hiyo halina fyuzi, na limeandikwa hivyo usoni pake. Aliyepima mkondo jioni akasahau waya mwekundu kwenye tundu hilo, kisha asubuhi akaugusisha kwenye soketi ya ukutani akidhani anapima volteji, amefunga njia fupi kwenye volti 240. Mita hupasuka mkononi. La pili ni betri ya volti 9 iliyomo ndani. Ikichoka, mita husoma juu kuliko ukweli, na mtu anaweza kukesha akitafuta kwa nini chaja yake inatoa volti 6.

Kutafuta ubovu kwa kupima kunahitaji mpangilio, na mpangilio mzuri ni kuanza na chakula, yaani umeme wenyewe, kila mara, hata pale mtu anapokuwa na uhakika kwamba umeme si tatizo. Volti zipimwe kwenye miguu ya kipuri chenyewe, si kwenye chaja. Kati ya chaja na mguu kuna waya, plagi, na mara nyingi ule ubao wa matundu unaoitwa bredibodi, ambao vibanio vyake hulegea kwa matumizi. Baada ya umeme, waya za hasi: je, hasi ya chaja, ya bodi na ya sensa zimekutana? Saketi yenye hasi mbili zisizojuana hutoa matokeo ya ajabu, leo inafanya kazi na kesho inagoma. Hayo mawili yakishakuwa safi, saketi ikatwe katikati. Pini ya bodi inayoamuru relei ipimwe: ikipanda na kushuka ipasavyo, ubovu uko mbele, kwenye transista, relei au taa. Isipopanda, ubovu uko nyuma, kwenye sensa au programu. Kila kipimo kinaondoa nusu.

Sensa nayo husema, ikisikilizwa. DS18B20, ile ya kichuma inayozamishwa majini, ikileta namba 85 mara tu inapowashwa, hiyo si joto la sanduku. Ni namba inayoamka nayo kabla haijapima chochote, na ikiendelea kuonekana maana yake umeme wake unakatika au programu inasoma mapema mno. Ikileta −127 kwenye programu za Arduino, maktaba inakiri kwamba haikuiona sensa kabisa, na la kwanza kukagua ni rezista ya kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na chanya. Wengi huisahau. Rangi za rezista hiyo ni njano, zambarau, nyekundu.

Hapa ndipo uchaguzi wa vipuri unapoingia, na hapa ndipo makosa huwa ya kimya. Saketi inaweza kufanya kazi bila kasoro na bado mayai yote yakaoza. DHT11, sensa ya buluu inayokuja kwenye kila kifurushi cha wanaoanza, ina uwezekano wa kukosea nyuzi joto 2 juu au chini. Ikisema 37.5, ukweli unaweza kuwa 35.5 au 39.5, na katika pande zote mbili hizo kifaranga hana maisha mema. Kwa kupima kama chumba kina joto au baridi inafaa. Kwa mayai haifai hata kidogo. DS18B20 imeahidiwa na watengenezaji wake kutokosea zaidi ya nusu nyuzi kati ya −10 na 85. Tofauti kati ya sensa hizi mbili haionekani kwa macho wala haionekani kwenye programu. Iko kwenye datashiti, karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, na anayenunua kipuri bila kusoma mstari mmoja wa karatasi hiyo amenunua rangi na umbo.

Kwa kuwa nakala bandia za DS18B20 zimejaa sokoni, kila moja ipimwe kabla ya kuaminiwa. Njia ya kawaida ni barafu na maji yanayochemka. Barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji kidogo hutoa 0 popote duniani. Maji yanayochemka ni jambo jingine, na mkazi wa Eldoret ana sababu ya pekee ya kuwa mwangalifu. Kwenye urefu huu hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Mtu akiizamisha sensa kwenye sufuria inayotokota, akasoma 93 na kuitupa kwa kuwa "imekosea nyuzi 7", ametupa sensa nzima. Mbaya zaidi ni yule anayeingia kwenye programu na kuongeza 7 ili isome 100. Mashine yake itasoma 37.5 wakati mayai yana 30.5, na siku ya 21 itafika kimya.

Hewa hiyo nyepesi hugusa na jambo jingine: upozaji. Kila fundi wa hapa hufikiria siku stima itakapopotea, hivyo huweka betri ya volti 12. Kushusha 12 hadi 5, mkono wa kwanza hukimbilia 7805, kipuri cha miguu mitatu cha miaka mingi. Kinafanya kazi kwa kuchoma ziada iwe joto. Kwa mkondo wa ampia 0.6, volti 7 za ziada ni wati 4.2, zote zikiwa joto ndani ya sanduku. Betri inapochajiwa ikafika volti 14, joto linapanda hadi wati 5.4. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo bapa la kupozea nalo hubeba joto kidogo. Moduli ya LM2596 hufanya kazi hiyo hiyo kwa kukata na kuunganisha umeme kwa kasi, na hupoteza chini ya wati 1. Ila ina skrubu ndogo ya kurekebishia volteji, na hakuna anayejua dukani waliiacha wapi. Iwashwe bila kuunganishwa na kitu, mita iwekwe kwenye mdomo wake, skrubu izungushwe hadi isome 5.0, ndipo bodi ifungwe. Bodi nyingi zimekufa kwa kuruka hatua hiyo moja.

Na relei yenyewe? Imeandikwa mgongoni ampia 10, volti 250. Taa nne za wati 60 ni wati 240, na kwenye stima ya Kenya ya volti 240 hiyo ni ampia 1. Inaonekana kuna nafasi ya kutosha. Lakini uzi wa taa ya kawaida ukiwa baridi una ukinzani mdogo mno, mara 10 au zaidi chini ya ule wa uzi uliowaka, hivyo katika kitambo kidogo cha kwanza taa hizo huvuta zaidi ya ampia 10 kabla ya kutulia. Kila mwasho huunguza ncha za relei kidogo. Watengenezaji wa relei hizi ndogo za buluu huahidi miwasho 100,000 kwenye mzigo kamili. Mashine inayowasha taa kila baada ya sekunde 30 huwasha mara 2,880 kwa siku. Siku 21 ni mara 60,480. Awamu moja ya vifaranga inakula zaidi ya nusu ya ahadi.

Njia mbili zipo. Ya kwanza haigharimu kitu: programu iachiwe pengo, taa ziwake joto likishuka hadi 37.3 na zizimike likifika 37.7, badala ya kuwasha na kuzima juu ya namba moja. Relei itapumua. Ya pili ni kuiacha relei na kutumia triaki, swichi ya kielektroniki, kama BT139 ya ampia 16, ikiamriwa na MOC3041, kipuri kidogo kinachotenganisha bodi na stima kwa mwanga na kusubiri wimbi la umeme lipite kwenye sifuri ndipo kiwashe. Haina ncha za kuungua. Inahitaji bapa dogo la alumini la kupozea, na kwenye aina nyingi za BT139 bapa hilo limeungana na stima moja kwa moja, jambo ambalo mkono wa aliyezoea volti 5 hauwezi kulijua hadi uchelewe.

Kuhusu stima hiyo, hakuna ushauri wa nusu nusu. Upande wa volti 240 hufungwa na kukaguliwa plagi ikiwa mkononi, imetolewa ukutani. Fyuzi ya ampia 2 itangulie kila kitu. Wenye kuvunja chaja na taa kuukuu ili kupata vipuri wanafanya vema, kwa maana taa moja ya kuokoa nishati ina daiodi nne za 1N4007 zinazoweza kutumika tena, lakini kapasita kubwa iliyomo humo hubeba hadi volti 340 na inaweza kuzishika baada ya plagi kutoka. Rezista ya kiloomu 10 yenye wati kadhaa, iliyoshikwa kwa koleo lenye mpira, huimaliza polepole. Bisibisi huimaliza kwa mlipuko.

Transista ya kuendesha relei ndiyo iliyobaki, na hii huwachanganya hata wazoefu. BC547 imeahidiwa miliampia 100. Koili inataka 70. Itabeba, ila kwa shida, na ESP32 inayotoa volti 3.3 pekee ikipitia rezista ya kiloomu 1 haiipi msukumo wa kutosha. Omu 470 inafaa zaidi. Wengi huhamia 2N2222, ambayo ina nguvu za ziada, na hapo hukutana na mtego: transista iliyoandikwa P2N2222A na iliyoandikwa PN2222A zina umbo lile lile, rangi ile ile, ila miguu ya pembeni imebadilishana nafasi. Anayefuata mchoro wa moja akiwa na nyingine mkononi hupata saketi inayojaribu kufanya kazi bila kufaulu. Mita inamaliza ubishi. Ikiwekwa kwenye alama ya daiodi, waya mwekundu kwenye beisi, mguu unaosoma juu kidogo ndio emita.

Duka la vipuri la mjini halina kila kitu, na visivyopatikana huagizwa Nairobi, mara nyingi Luthuli Avenue, vikasafiri zaidi ya kilomita 300 ndani ya kifurushi. Kwa hiyo vile vidogo vinavyokufa mara kwa mara vinunuliwe kwa wingi mara moja: 1N4007, 2N2222, rezista za omu 470, kiloomu 1, 4.7 na 10, kapasita za nanofaradi 100, fyuzi. Sensa zinunuliwe mbili, ili moja iikague nyingine.

Siku ubovu ukimshinda mtu, atakwenda kwa fundi au kwa mwanafunzi wa mwaka wa nne anayemjua. Namna anavyokwenda huamua atakachorudi nacho. Akifika na sanduku na kusema "haifanyi kazi", atapewa makisio, kwa kuwa hakuleta kingine cha kufanyia kazi. Afike na mchoro wa saketi kama ilivyo kweli, si kama ilivyokuwa kwenye video aliyoiga, hata ukiwa umechorwa kwa penseli nyuma ya daftari. Afike na namba za vipuri zilizoandikwa mgongoni mwao, volti alizopima na mahali alipozipimia, na jambo la mwisho alilobadilisha kabla ubovu haujaanza. Hilo la mwisho watu huliona dogo wakaliacha nyumbani. Mara nyingi fundi akilisikia hata mita haigusi.

Mashine ikishatulia, mayai bado yasubiri. Chupa kadhaa zilizojazwa maji zipangwe mahali pa mayai, maana maji hushika joto na kuliachia polepole kama mayai, na sensa ifungwe katikati yao. Mashine iachwe ifanye kazi siku mbili kamili, joto likiandikwa daftarini kila saa mchana na likisomwa angalau mara mbili usiku, saa 9 za alfajiri ikiwemo, wakati baridi ya Eldoret inapokuwa kali. Katikati ya siku ya pili plagi ing'olewe kwa makusudi kwa nusu saa, kisha irudishwe, ili ionekane kama betri inashika na kama bodi inaamka yenyewe bila kubonyezwa. Kurasa hizo za daftari zikionyesha 37.3 hadi 37.7 kutoka mwanzo hadi mwisho, ukiacha ule muda wa plagi kung'olewa, chupa zinatolewa na mayai yanaingia.